Perimita ya Kanisa

 

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Muheza, Tanga. Nilistaafu mwaka 2021. Mwaka uliofuata binti yangu, ambaye ni muuguzi, akapangiwa kazi Kasulu, mkoani Kigoma, naye ana mtoto mchanga na hana wa kumwachia. Mimi nyumbani nilikuwa nazungumza na kuku. Nikafunga mizigo. Wengi wetu tukisikia Kigoma tunawaza ziwa, joto na migebuka. Kasulu na Kibondo ziko juu huko milimani, kwenye migomba na maharage, ukungu asubuhi, na baridi ambayo hakuna aliyenionya. Na ule udongo mwekundu! Ukishika sketi nyeupe, sketi hiyo imeshabadilisha rangi, usihangaike na sabuni.

Wenyeji wa huko ni Waha, na neno "Muha" halikuwa geni kwangu. Utotoni Muheza tuliishi karibu na shamba la mkonge, na kambini walikuwepo wazee walioletwa enzi za Mwingereza kama manamba, kila mtu na namba yake. Uha ilitoa watu wengi sana kwenda kukata mkonge wa Tanga. Wengine walimaliza mkataba wakarudi kwao, wengine wakaoa kwetu, wakazeeka kwetu na tukawazika sisi. Sisi watoto tulikuwa tunawacheka kwa Kiswahili chao. Basi nilipofika Kasulu mambo yakageuka. Jioni ya kwanza nikamsalimia jirani kwa neno la Kiha nililokariri ndani ya basi: "Mwakeye!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe nimempa mtu salamu ya asubuhi na jua linazama.

Leo nimeombwa nizungumzie kujitolea, hasa kufundisha vijana kanisani. Nitasema niliyoyaona.

Mimi ni Mwanglikana wa Magila, yaani wa ule Uanglikana wa wamisionari wa UMCA wenye ubani, kengele na ishara ya msalaba. Kasulu Uanglikana ulifika kwa mkono mwingine, wa wamisionari wa CMS kutoka Australia, na huko ubani husikii hata harufu, ila mahubiri jiandae. Dayosisi ya Western Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1966, ina makao yake hapo hapo Kasulu, na askofu wake wa kwanza, Musa Kahurananga, ndiye aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Tanzania mwaka 1979. Jumapili yangu ya kwanza nikapiga ishara ya msalaba kama nilivyolelewa. Mama aliyeketi pembeni yangu akaniinamia, akaniuliza kwa upole kabisa kama nimekosea njia, maana kwa Wakatoliki ni kule mbele.

Baada ya ibada mwinjilisti wa mtaa wetu akanifuata. Mzee mwembamba, koti la kijivu, viatu vimepigwa dawa lakini soli imeshachoka. "Mama mwalimu, nimesikia ulikuwa mwalimu." Nikasema ndiyo, na huo ndio ukawa usaili wangu wote. Alikuwa na vijana kama thelathini wa mafundisho ya kipaimara, kila Jumamosi alasiri, wengi wao wa kidato cha kwanza na cha pili. Amri Kumi wanazijua. Shuleni wanaanguka. Akataka, wakimaliza mafundisho, niwape saa moja ya hesabu.

Jumamosi ya kwanza nilivurunda, na nasema hivyo nikiwa na miaka zaidi ya arobaini ya chaki mkononi. Ubao wetu ni kipande cha mbao laini kilichopakwa rangi nyeusi na kuegemezwa kwenye meza ya Bwana. Nikachora mstatili safi. Nikawaambia, kwa Kiingereza kama kitabu chao kinavyotaka, watafute perimita. Mmeelewa? "Yesi, madamu!" Thelathini kwa sauti moja. Walimu wenzangu, hiyo "yesi madamu" ya pamoja mnaijua. Ni mlango unaofungwa kwa adabu. Nikauliza nani aje ubaoni. Nikaanza kusikia nzi.

Tulipotoka, msichana mmoja akabaki nyuma. Kidato cha pili, mtoto mgongoni. Akaniita bibi, si madamu. "Bibi, perimita ndiyo nini?"

Nikamwambia: mzingo.

Akanitazama kama mtu aliyeibiwa akaonyeshwa mwizi. "Mzingo? Si tulifanya shule ya msingi? Mzingo mimi naujua!"

Hapo ndipo penye kiini, msikilizaji. Mtoto wa Kasulu au Kibondo anazaliwa ndani ya Kiha. Anaingia darasa la kwanza anakutana na Kiswahili, anahangaika nacho miaka miwili mitatu, kinakaa. Kwa Kiswahili hicho anajifunza mzingo, eneo, kipenyo, na anavijua kweli. Halafu anaingia kidato cha kwanza, na Januari moja tu vitu vyote vinabadilishiwa majina kwa Kiingereza. Anaonekana hajui anachokijua. Anaambiwa mzito. Naye baada ya miezi kadhaa anaanza kukubali kwamba ni mzito, na mwaka haujaisha yuko kwenye basi, kwenda kulima tumbaku ya watu Tabora, au kulea watoto wa watu Dar es Salaam.

Mwaka 2016 Serikali ilipofuta ada hadi kidato cha nne, madarasa yalijaa, na ni jambo jema. Ila mwalimu mwenye watoto sabini mbele yake hana nafasi ya kumwambia mmoja mmoja kwamba perimita ni mzingo.

Jumamosi iliyofuata sikugusa ubao. Nikawaambia: tunataka mzingo wa kanisa hili. Wakatoka mbio. Ugomvi ukaanza papo hapo, hatua za nani? Mvulana mrefu anapata idadi yake, mfupi yake, kila mmoja anadai mwenzake hajui kuhesabu. Mwinjilisti akaingia ndani, akarudi na kamba yenye fundo kila mita moja, iliyotumika kupima msingi wakati kanisa linajengwa. Nikaishika nikaijua kwa vidole kabla ya macho. Katani. Mzee mmoja wa kambini kwetu alinifundisha kuisuka nikiwa na miaka minane, na mpaka leo sijui alitoka kijiji gani cha Uha, maana hatukuwahi kumuuliza.

Wakapima. Urefu mita 16, upana mita 8. Jumlisha, zidisha mara mbili, 48. Halafu nikawaambia sasa zungukeni ukuta wote na kamba. Wakazunguka. 53.

Wakarudia. 53.

Kimya safari hii kilikuwa cha namna nyingine. Mvulana mmoja akauliza, "Madamu, kanuni imekosea au kamba imekosea?" Sikujibu. Walikaa chini, wakabishana, Kiswahili kikawaishia wakahamia Kiha, na mimi hapo nikawa mgeni kabisa, natazama mikono tu. Ghafla yule binti mwenye mtoto akasimama akaenda nyuma ya kanisa. "Chumba cha mavazi!" Kile chumba kidogo cha kasisi kimetokeza nje mita mbili na nusu. Kuta zake mbili za ubavuni ndizo zile mita tano. Wakapiga makofi. Ndipo nikaandika neno ubaoni kwa Kiingereza, na halikuwa na la kufanya tena ila kukaa mahali pake.

Nimwongelee kidogo huyo binti, bila jina lake. Alipata ujauzito akiwa shuleni akaondolewa, kama ilivyokuwa desturi. Novemba 2021 Serikali ikatangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa kujifungua wanaweza kurudi shule. Aliyetangaza ni Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye pia alikuwa mbunge wa Kasulu Mjini, kwa hiyo mama zetu sokoni walilipokea kama neno la nyumbani. Binti akarudi. Lakini tangazo ni kitu kimoja, na kuingia kanisani na mtoto mgongoni wakati unajua macho yote yanahesabu miezi ni kingine. Siku ya kwanza aliketi benchi la mwisho karibu na mlango. Mama mmoja akaguna. Mwinjilisti hakuhubiri wala hakukemea. Alichofanya ni kumwomba yule binti asome somo, na somo husomwa mbele.

Sasa kuhusu hili neno lenyewe, kujitolea.

Mwaka jana walitufikia vijana kutoka Ulaya, wiki mbili, fulana za rangi moja. Walifundisha nyimbo za vitendo, wakacheza mpira na watoto, wakapaka rangi ya samawati ukuta wa kanisa unaotazama barabara. Kuta nyingine tatu bado zinasubiri. Wakati wa kuwaaga kulikuwa na mbuzi, risala na vyeti: cheti cha kujitolea, kila mmoja na jina lake. Sina ugomvi nao. Na kuna mmoja wao, msichana mwenye madoadoa usoni, aliyefanya jambo ambalo mimi nisingeliweza. Hakujua Kiswahili hata neno. Jioni alikaa na mabinti wetu wakichambua maharage, na kwa kuwa hakuwa na lugha nyingine, ilibidi wao waseme Kiingereza. Kwa mara ya kwanza maishani mwao Kiingereza hakikuwa mtihani. Kilikuwa cha kumwuliza mtu kama ameshiba.

Ila ile siku ya vyeti nilimtazama mwinjilisti. Ndiye aliyebeba boksi la vyeti, akimpa kasisi kimoja kimoja. Baadaye nikamuuliza, Mzee, wewe umefundisha hawa watoto tangu lini? Akafikiri. "Tangu mwaka walipoingia Warundi." Huku watu huhesabu hivyo. Ni mwaka 1993, alipouawa Rais Ndadaye wa Burundi na watu wakavuka mpaka kwa maelfu. Miaka thelathini ya Jumamosi. Nikamwambia basi wewe ndiye mwenye kujitolea. Akacheka. "Hapana mama. Mimi niko zamu."

Tunaye na kijana mwingine, shahada yake ni ya fizikia na hesabu, anasubiri ajira kwa mwaka wa nne. Amejaza maombi kila mara nafasi zinapotangazwa. Siku za wiki anaendesha bodaboda, Jumamosi anakuja na kofia ya pikipiki mkononi kufundisha kidato cha nne. Huyo watu humwita mwalimu wa kujitolea, na ukisikiliza vizuri wanavyolitamka utadhani ni ugonjwa. Mgeni akijitolea anasifiwa, mwenyeji akijitolea anaonewa huruma. Mimi sijaelewa bado.

Huenda linaniuma kwa sababu na mimi nilianza hivyo hivyo. Novemba 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma kikaazimia kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe shuleni ifikapo 1977. Walimu watatoka wapi? Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, zaidi ya elfu arobaini kwa miaka ile, wakapewa chaki. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Masomo yetu ya ualimu yalikuja kwa posta na kwa redio, ndiyo maana nikikaa mbele ya kipaza sauti hiki najisikia nimerudi chuoni. Watu walitucheka. Wakasema UPE, jina la mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu, na siku nyingine walikuwa na haki. Mkufunzi alikuwa anakuja kwa baiskeli, anaketi nyuma ya darasa, haongei. Siku moja nilikosea hesabu ya tatu ubaoni, mbele ya watoto hamsini. Nikamwona ameona. Hakusema neno. Kipindi kilipoisha akaniita chini ya mwembe akaniuliza, "Mwalimu, ile ya tatu ulipata ngapi?"

Kibondo nilikwenda mara moja tu, kwa shughuli ya akina mama wa kanisa. Ukitoka Kasulu unapita Makere, ndiyo njia ya kwenda Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo na kufurika Warundi mwaka 2015. Humo nako wanaofundisha ni wakimbizi wenyewe, na wanachopewa hakiitwi mshahara bali motisha. Mtoto wa Kikongo humo anafuata mtaala wa kwao, kwa Kifaransa, akiwa amezungukwa na nchi inayotahini sekondari kwa Kiingereza. Kibondo yenyewe wakati huo ilikuwa na kambi ya Nduta, ya Warundi, na Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja. Mtoto wa ndani ya kambi na wa nje wakikutana kisimani wanaelewana bila mkalimani.

Lakini nilichokileta kutoka Kibondo ni asali. Nina maana mbili.

Baada ya ibada nikaona vijana wamezunguka mti, katikati yuko mfugaji nyuki, suruali imekunjwa, ndara miguuni. Mbele yake madebe mawili ya lita ishirini, moja la maji, moja la asali, na mizani ya kuning'iniza. "Lipi zito?" Wakasema sawa, debe ni debe. Akatundika la maji: kilo ishirini na kidogo. Akatundika la asali. Mshale ukapita ishirini, ukapita ishirini na tano, ukatulia kwenye ishirini na nane na kidogo. Vijana wakasogea. Akawaambia, bila kupandisha sauti, kwamba lita moja ya asali ina kilo moja na karibu nusu, na kwamba mnunuzi anayekuja kutoka mjini analijua hilo. Ananunua kwenu kwa debe, anauza kwa kilo. "Baba zenu tumeuza hivyo miaka yote."

Pembeni yangu kulikuwa na kijana wa kidato cha kwanza, sare ya shule hata Jumapili. Nikamsikia ananong'ona kitu alichokariri kwa Kiingereza: densiti ni masi gawanya kwa ujazo. Akakirudia taratibu. Halafu akamtazama mfugaji nyuki kana kwamba mzee huyo amechungulia daftari lake.

Yule mzee, nilipouliza, alimaliza darasa la nne.

Nikumbushe na mambo madogo, maana huenda kuna anayenisikiliza na anataka kuanza. Fundisha mlango ukiwa wazi, na usibaki peke yako na mtoto, hata kama nia yako ni ya malaika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, na vijana wa umri huu wana haki ya kulindwa na sisi pia. Rafiki wa kigeni akitaka kuja, aanze na Uhamiaji, kwani hata asiyelipwa anahitaji kibali cha ukaazi, daraja C. Usiahidi vitabu usivyonavyo. Na uijue mvua. Huku inaanza Oktoba na inafika hadi Mei, na ikipiga bati la kanisa hakuna sauti ya mwalimu inayoshindana nayo. Sisi ikinyesha hatuongei, tunaandika tu. Anayefundisha anaandika ubaoni, wanaofundishwa wanaandika, anayetaka kuuliza anakuja mbele na daftari lake. Ni masomo matulivu kuliko yote niliyowahi kufundisha.

Mwezi Machi kaka yangu alifariki, nikarudi Muheza. Mazishi, arobaini, mambo ya shamba. Nikakosa Jumamosi saba. Niliporudi Kasulu nilifika moja kwa moja kutoka stendi, begi mkononi, nikiwaza thelathini wale watakuwa wamebaki wangapi.

Mlango ulikuwa wazi. Ubaoni amesimama yule binti. Kamba ya katani imelala sakafuni, imezungushwa kwenye mabenchi manne, na watoto wa kidato cha kwanza, wengine siwajui kabisa, wanahesabu mafundo. Anawauliza kwa Kiswahili, wakijibu anawapa neno la Kiingereza, wakikwama kuna mmoja anarushia la Kiha na wote wanacheka. Mwinjilisti yuko benchi la nyuma, mtoto wa binti amelala mapajani mwake.

Nikatazama ubao. Amepata mzingo sawasawa. Lakini mbele ya kila jibu ameandika mita za mraba.

Nikafungua mdomo. Mzee akanigusa mkono. "Pole na msiba, mama mwalimu," akasema taratibu. "Mwache amalize."

Nikaweka begi chini, nikapokea mtoto. Mvua ikaanza, kwanza matone mawili matatu juu ya bati, kisha yote kwa pamoja. Binti akaacha kuongea, akageuka ubaoni, akaendelea kuandika. Mita za mraba. Nikahesabu, mara nne. Nikachungulia nje kupitia mlangoni, nikitafuta mti wa kwenda kumuulizia ikikatika.